Amana ya Mwenye Kubadilisha Jeni

Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, mwaka 1927 Hermann Muller alitangaza kwamba miale ya eksirei hubadilisha jeni za inzi. Alipiga bila kulenga. Mwaka 1978 Michael Smith na wenzake walionyesha jinsi ya kubadilisha herufi moja tu ya DNA, mahali walipopachagua. Leo mkasi wa CRISPR unakata ndani ya seli hai.

Je, huku ndiko kubadilisha maumbile ambako Shetani aliapa kutuamrisha, kama ilivyo katika Suratun Nisaa? Tusikimbilie hukumu, tutazame kitendo. Mwaka 2018 He Jiankui wa China alihariri viinitete visivyo na ugonjwa. Wakazaliwa mapacha, na mahakama ikamfunga miaka 3. Mwaka 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya selimundu: seli za mgonjwa hutolewa, huhaririwa, kisha hurudishiwa mwenyewe. Mkasi ni ule ule. Huko uliwatia wazima hatarini, huku unaondoa maumivu yanayowatesa wengi kwetu Afrika Mashariki. Fiqhi inataka madhara yaondolewe bila kuzaa mengine.

Basi wewe wa maabara, kabla hujakata jiulize: namwondolea nani dhara, na nani atarithi kosa langu bila kuulizwa? Nasi wa masomo ya dini tukielewe kwanza kitendo, ndipo tuseme halali au haramu.

Allah atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.