Shomoro wa Tano

Andiko: Mathayo 10:29, Luka 12:6-7, Kumbukumbu la Torati 22:6-7



Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo macho yangu hukimbilia bei. Mathayo anasema shomoro wawili waliuzwa kwa senti moja. Kwa senti mbili ungetarajia wanne. Luka anasema watano! Huyo wa tano ni nyongeza, kama nyanya unayoongezewa na mama sokoni hapa Kanduyi. Bei yake ni sufuri. Na Yesu anasema hata huyo Mungu hajamsahau.

Majuzi nilienda na vijana msitu wa Kakamega, tukipitia Webuye na Malava. Mwelekezi akatuonyesha, juu kabisa matawini, kikundi cha ndege wadogo wa kijivu: koo jeupe, mkanda mweusi kifuani, paji la kahawia. Jina lake la kisayansi ni Eremomela turneri. Yuko Kakamega, misitu ya Nandi na mashariki mwa Kongo, na yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Shida yake kubwa si manati ya watoto, ni msumeno. Anatafuta wadudu juu ya miti mirefu. Mti ukianguka, nyumba na meza yake vimeanguka pamoja.

Nilinyamaza. Wiki hiyo muuzaji mmoja alikuwa ametupa bei rahisi sana ya mbao za paa letu, mbao za msitu wa asili. Nilipouliza kibali alicheka: "Pasta, wewe chukua tu." Na moyoni nilikuwa nimeshakubali! Nilipiga hesabu ya pesa tutakazookoa, sikupiga hesabu ya mti.

Torati inaruhusu kuchukua makinda, lakini mama lazima aachwe. Darasani tulifundishwa: kula faida, usile mtaji. Kumbe Mungu alikuwa ameshasema.

Nilitubu mbele ya kamati. Tutanunua mbao za kupandwa shambani, zenye karatasi. Paa litachelewa, na mvua hii itatukuta chini ya turubai. Najua wengine hamkufurahi. Lakini tutaimbaje sifa chini ya mbao zilizonyamazisha waimbaji wa Mungu?

Na wewe unayejiona nyongeza tu nyumbani kwenu, usiyehesabiwa: nywele zako zimehesabiwa. Mwambie jirani yako: hata wa bure ana Mwenyewe!

Tuombe: Baba, tufundishe kuthamini unachothamini, hata kama sokoni hakina bei. Katika jina la Yesu. Amina.