UTASA NA DHULMA YA KUMTUPIA MKE

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim.

Katika mambo yavunjayo nyumba nyingi ni kukosa mtoto. Mwaka hupita na wa pili huingia, na mke hana mimba. Hapo maneno huanza. Mama wa mume husema, mawifi husema, na majirani husema, na wote hao humsema mke tu. Huitwa tasa, huletewa mke mwenza, au hupewa talaka. Na mume haulizwi neno. Basi swali limpasalo kila mwenye akili na dini ni hili: Je, ni haki kumhukumu mtu kwa aibu isiyothibitika kwake, na hali mshirika wake katika jambo hilo hilo hakuangaliwa?

Jawabu ni kuwa hiyo ni dhulma. Kadhi hamhukumu mtu illa kwa ushahidi. Na hapa hapana ushahidi, bali mmoja wa watuhumiwa wawili amejifanya kadhi.

Asili ya kosa hili ni ujinga. Wanaume wengi hudhani kuwa nguvu na mbegu ni kitu kimoja: mwenye kuweza kumwingilia mkewe na kutoa manii hujiona mzima, hana ila. Walakini maumbile ya mwanamume hayakuwa hivyo. Mbegu hufanywa ndani ya korodani mbili, nazo zimewekwa nje ya tumbo, katika mfuko wa pumbu, kwa hikima kubwa: mbegu hazitengenei vyema katika joto la mwili, ambalo ni nyuzi 37, bali hutaka joto pungufu kwa nyuzi 2 mpaka 4. Ndiyo sababu mfuko huo hujikunja wakati wa baridi na kulegea wakati wa joto. Mbegu huchukua siku zipatazo 70 kutengenea. Kisha hupita katika mrija mwembamba uliojizongazonga nyuma ya korodani, ambao lau ungenyooshwa ungefika mita 6. Humo hukomaa, kisha huchukuliwa na mshipa mwengine hata njia ya mkojo.

Ama yale maji yaonekanayo, sehemu yake kubwa haitoki katika korodani. Hutoka katika vifuko viwili vilivyo nyuma ya kibofu, na katika tezi dume. Mbegu ni kidogo sana ndani yake, wala jicho haliwezi kuziona. Kwa mara ya kwanza zilionekana mwaka 1677, alipozitazama Antonie van Leeuwenhoek wa Uholanzi kwa kioo cha kukuzia. Wasomaji wa fiqhi wanajua kupambanua baina ya manii na madhii, na kwamba moja lawajibisha kuoga na la pili halikuwajibisha. Basi na waongeze upambanuzi mwengine: manii yaweza kuwa mengi yasiwe na hata mbegu moja. Mwenye manii hayo huoga janaba kama wengine, wala hajui kuwa ndiye asiyezaa.

Mambo yaletayo ila hiyo yajulikana. Matubwitubwi yakimpata mtu baada ya kubaleghe huweza kushuka korodani na kuziharibu. Kisonono kisichotibiwa huziba njia za mbegu. Mtoto ambaye korodani zake hazikushuka, na hakutibiwa mapema, yuko katika khatari. Na matabibu wamekubaliana kuwa katika nyumba zikosazo watoto, takriban nusu yake mume ana sehemu katika sababu, peke yake au pamoja na mkewe.

Jambo hili wafugaji hawakulihitajia kitabu. Soitsambu, katika tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, karibu na mpaka wa Kenya, ni nchi ya Wamaasai na mali yao ni ng'ombe, mbuzi na kondoo. Katika desturi za Wamaasai ni kuhasi madume mengi na kubakisha machache ya mbegu. Na kondoo dume na beberu hufungwa ngozi chini ya tumbo ili wasipande majike nje ya majira. Mwenye kufanya hayo amekiri kuwa uzazi umo pia mkononi mwa dume. Na zizi likiwa na fahali mmoja, na ng'ombe wake wote wakawa hawashiki mimba, mfugaji mwenye akili hawachinji ng'ombe, humtazama fahali. Ajabu ni kuwa mwanadamu, wa bara na wa pwani, humfanyia ng'ombe insafu asiyomfanyia mkewe. Huoa wa pili naye asizae, huoa wa tatu naye asizae, na wote watatu huwaita tasa.

Dhulma hii ina ndugu yake: kumlaumu mke azaaye wanawake watupu. Tangu mwaka 1905, alipoibainisha Nettie Stevens wa Marekani kwa kuchungua wadudu, imejulikana kuwa mbegu ya kiume ndiyo ibebayo alama ya kupambanua mume na mke. Basi alaumuye ajilaumu nafsi yake, lau kungekuwa na cha kulaumiwa.

Huenda mtu akasema: haya yamkataza mwanamume kwenda kuchunguzwa. Haya ni katika imani, walakini haikuwekwa iwe pazia la dhulma. Bibi Ummu Sulaym alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya ndoto ya mwanamke, naye akamjibu wala hakumkemea. Na manii ya kupimwa yaweza kupatikana nyumbani, pamoja na mke, yakafikishwa kwa tabibu kabla ya saa moja kupita.

Na mwengine atasema: ni kadari. Ni kweli, lakini katika Sura ya Ash-Shura utasa umetajwa kuwa humpata amtakaye Mungu, wala hawakutajwa wanawake peke yao. Na Nabii Zakaria alipobashiriwa mtoto alitaja uzee wake mwenyewe pamoja na utasa wa mkewe.

Sharia imemruhusu mume kuoa wa pili, lakini haikumruhusu kumsingizia wa kwanza. Basi mwaka ukipita pasipo mimba, na waende wote wawili kwa tabibu, na mume atangulie. Akionekana mzima, hakupungukiwa na kitu. Akionekana na ila, amejiepusha na dhulma ambayo mwenyewe ataisimamia Siku ya Hisabu.

Wallahu aalam.