TAFAKARI YA RAMADHANI, SIKU YA 17: Umeruhusiwa kula



Leo tuongee jambo ambalo kwenye mimbari huwa tunalimaliza kwa neno moja: ulafi. Tukishalitaja hilo tunaona tumefundisha. Ila wiki hii nimepata ujumbe, na si wa kwanza wa aina hii, kutoka kwa mmoja wenu. Mtaa wake sitautaja. Anasema magharibi anaanza vizuri, tende, uji na magimbi kidogo. Baada ya tarawehe, watu wakishalala, anarudi jikoni. Anakula viazi vilivyobaki, maandazi, hadi wali uliowekwa wa daku. Anakula kwa kusimama, haraka haraka, ladha yenyewe haisikii, mpaka tumbo linauma. Halafu analia. Halafu anajiwekea adhabu: daku sili, na kesho nitafuturu maji matupu. Kesho yake usiku anakula zaidi ya jana. Swali lake ni hili: "Shehe, hivi funga yangu ina thamani?"

Funga yako ni sahihi, wala usiwe na wasiwasi. Usiku wa Ramadhani Allah ametuhalalishia kula na kunywa mpaka alfajiri ipambanuke, iko Suratul Baqara aya ya 187. Hukuiba, hukula haramu.

Na mimi sioni kama huo ni ulafi. Mlafi anafurahia chakula chake, anasifia mchuzi, anaongeza. Huyu hafurahii kitu. Anakula kama mtu anayekimbizwa.

Sasa tuangalie ile adhabu, maana shida imejificha pale. Mwaka 1944 na 1945, kule Marekani, chuo kikuu cha Minnesota, mtaalamu mmoja aitwaye Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wa kiume wenye afya njema, waliojitolea wenyewe, akawapunguzia chakula kwa karibu miezi sita. Alitaka kujua namna ya kuwasaidia watu wa Ulaya walioshinda njaa wakati wa vita. Wale vijana wakawa wanawaza chakula mchana na usiku. Wengine wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi! Waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula na kula na bado wakasema wana njaa. Hawakuwa na tabia hiyo kabla. Mwili ukishabanwa sana unajifunza kuogopa, na ukiogopa, siku mlango ukifunguka unabugia kama vile kesho hakuna.

Mtu ataniuliza, basi hata swaumu inatubana hivyo hivyo? Hapana, na ni vizuri tuone sheria ilivyopangwa. Mtume (s.a.w.) alikataza watu kuunganisha funga usiku na mchana bila kula. Akahimiza kufuturu mapema jua likizama, akahimiza daku na kusema ina baraka. Kila siku mwili unaahidiwa kwamba jioni utakula na kabla ya alfajiri utakula tena. Wewe unayeruka daku ili ujikomoe, umeivunja hiyo ahadi kwa mkono wako, na hakuna sheikh aliyekuamuru.

Kuna aya tunaipenda sana kwenye mawaidha, ya 31 ya Suratul Aaraf, inayotukataza israfu katika kula na kunywa. Tunaisoma, tunafunga msahafu. Aya ya 32, inayofuata palepale, inauliza ni nani aliyeharamisha pambo la Allah na vizuri vya riziki alivyowatolea waja wake. Zisomeni pamoja. Wengi wetu tumeshika nusu ya somo.

Na mnakijua kisa cha Salman na Abu Dardaa, kimo kwenye Bukhari. Abu Dardaa alikuwa akifunga kila mara, usiku ni swala tu. Salman akaja mgeni, akaandaliwa chakula, akasema hali mpaka mwenyeji wake ale naye. Abu Dardaa akala. Kisha Salman akamwambia kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki na watu wake wana haki. Ilipofika kwa Mtume, akasema Salman amesema kweli. Tazama Salman alivyomponya: alikaa naye chini, wakala pamoja.

Basi dada yangu, au kaka, maana wanaume nao wapo ila hawasemi: leo usiku kula daku. Hata kama jana ulikula sufuria nzima, kula. Keti, pakua kwenye sahani, kula na watu wa nyumbani. Ukiwa unapenda maandazi usijiapize kwamba huyagusi mpaka Idi. Yaweke kwenye futari yako na chai, yale kama chakula kingine. Anayejua kesho andazi lipo hana haja ya kumaliza kumi leo. Siwaambii israfu imehalalishwa. Nasema israfu nyingine mama yake ni kujinyima kusikokuwa na sababu.

Na sisi tunaokaa nao. Mtume hakuwahi kukitia kasoro chakula. Akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Sisi tunakitia kasoro chakula na mlaji wake! "Wewe unaongeza tena?" "Harusi ni baada ya Idi, gauni litakutosha kweli?" Mawifi na mashangazi, mnisamehe, lakini hili nalisikia kwenye majamvi ya futari hapahapa Songea. Binti anacheka na nyinyi, halafu saa saba ya usiku yuko jikoni gizani.

Ikiwa unajitapisha baada ya kula, au unameza dawa za kuharisha, usiishie kwangu. Nenda hospitali, hata hapo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, umweleze daktari kila kitu kama ulivyonieleza mimi. Ni maradhi, yana matibabu. Daktari akikuambia funga kwa sasa inakudhuru, ruhusa ya mgonjwa imo kwenye Qur'ani, Baqara 184 na 185, utalipa siku zako ukipona. Usifunge kwa kuogopa macho ya majirani. Na kama unaona aibu kwenda peke yako, mama anayesomesha darsa ya wanawake Jumamosi yuko tayari kukusindikiza, nimeshaongea naye bila kutaja jina.

Kesho inshaallah tunaanza maswali ya zakatul fitri, hasa lile la mahindi au mchele. Tumeni mapema.