Kucheza Juu ya Shamba la Mtu

Ziwa zuri ni lipi? Binamu yangu anayeishi Uholanzi aliuliza hivyo kwenye grupu yetu ya familia, na alimaanisha kitu rahisi tu. Anakuja Agosti na ubao wake wa tanga, ule wa kujazwa hewa unaoingia kwenye begi, na anataka tuzunguke na gari tukitafuta maji yenye upepo. Kwao Agosti ni majira ya joto. Huku Yamumbi Agosti ni mvua, matope na mahindi mabichi ya kuchoma, lakini sawa, mgeni ni mgeni.

Kwanza nililichukua kama swali la ramani. Eldoret haina ziwa. Kuna bwawa kule Kesses, dogo, na huku juu tuko karibu mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi: upepo wa kasi ileile unasukuma tanga kwa nguvu pungufu, karibu moja ya tano, kuliko ungesukuma ukiwa Diani. Ziwa Victoria lina upepo wa mchana, kwa sababu nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji na kuvuta hewa ya ziwani, lakini lina gugumaji na kichocho pia. Turkana ndiko kwenye upepo wenyewe, mpaka mitambo 365 ya umeme ikasimamishwa upande wa Loiyangalani, ila hiyo ni safari nyingine kabisa. Ikabaki Baringo. Unapita Iten, unateremka bonde la Kerio, unapanda Kabarnet, unashuka Marigat, na kabla ya jioni uko Kampi ya Samaki. Viboko na mamba wapo, kwa hivyo huingii majini bila mwenyeji.

Lakini Baringo ilinitoa kwenye ramani, kwa sababu ziwa hilo limepanda. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakifura, na 2020 hali ilikuwa mbaya sana. Ripoti ya serikali ya 2021 ilihesabu kaya zaidi ya 75,000 zilizohamishwa na maji katika kaunti 13. Huko Baringo maji yamemeza nyumba, hoteli, shule, vituo vya afya na malisho. Ufuo unaouona leo si ule wa zamani. Yale maji ya kina kifupi karibu na ukingo, ambayo mtu wa ubao anayatafuta, sehemu yake kubwa ilikuwa boma na shamba la mtu. Miti iliyokufa bado imesimama humo ndani.

Je, ni vibaya kucheza hapo?

Jibu la kwanza nililosikia nyumbani ni la huruma: tusiende, itakuwa kama kucheza densi matangani. Jibu la pili ni la mfuko: twende, si tutakodi boti, tutakula samaki, tutalala huko, pesa itabaki kwa wenyeji. Yote mawili yana ukweli. Shida yangu ni kwamba yote mawili yanaamuliwa sebuleni Yamumbi, na mwenye shamba hayupo kwenye kikao. Wa kwanza anamhurumia bila kumuuliza kama anataka huruma inayomnyima mteja. Wa pili ameshamkadiria bei.

Sheria nayo haitoshi. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inahesabu maziwa kuwa ardhi ya umma. Poa. Sasa chukua mzee ambaye hati ya shamba lake iko kwenye sanduku na shamba lenyewe liko chini ya mita mbili za maji. Ukipita juu yake na tanga lako, uko kwenye mali ya umma au umeingia kwake bila hodi? Wakili anaweza kunijibu. Lakini hata akinijibu, bado nitataka kujua huyo mzee anaonaje akiniangalia kutoka ukingoni.

Sisi wa Yamumbi tunalijua swali hili bila ziwa. Nyumba zilizochomwa hapa Januari 2008 hazikujengwa zote tena. Kuna waliouza ploti kwa hasara, na kuna ambao hawakurudi hata kuuza. Ploti moja ya namna hiyo ilikuwa uwanja wetu wa mpira. Msingi wa sebule ndio ulikuwa laini ya goli. Sidhani tulimkosea mtu. Watoto hucheza palipo wazi, na afadhali kelele za mpira kuliko kichaka. Halafu siku moja mwenyewe akaja, mama mmoja na mwanawe, na mpira ukasimama bila refa. Akaangalia kila upande, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Endeleeni tu, watoto wangu." Tukaendelea. Mpira ulikuwa uleule, lakini mwanzoni tulicheza kwa sababu hapakuwa na mtu. Baada ya hapo tulicheza kwa sababu mtu yupo, na amekubali.

Ndiyo maana sioni ubaya uko kwenye mchezo. Ubaya ni kupachukulia mahali kama patupu ilhali pana mwenyewe. Na pale Baringo, kuuliza si adabu peke yake: anayejua nguzo za ua zimelala wapi, mabati yamezama wapi, ni yule aliyezisimamisha. Yeye ndiye ramani.

Lakini kuna kitu kinanisumbua zaidi. Mama wa Yamumbi hakuwa na haja ya chochote kutoka kwetu. Angeweza kutufukuza na asipoteze hata shilingi. Mtu aliyepoteza shamba na ng'ombe, ukimwendea na ubao na noti mkononi umwambie, "Mzee, tunaweza kucheza hapa?", atasema nini? Ndiyo yake imeshanunuliwa kabla hajafungua mdomo. Ruhusa ya mtu asiyeweza kumudu kukataa, mimi siihesabu.

Kwa hivyo nilimjibu binamu hivi. Twende Baringo. Tufike siku moja kabla, ubao ukae kwenye gari. Tumtafute mwenyeji, tumlipe siku nzima ya kututembeza, na pesa ziwe mkononi mwake kabla hatujamwonyesha tanga. Kisha ndipo tuulize ni wapi panafaa na wapi hapafai. Akisema upande ule kuna makaburi ya watu wake, tunageuza, na hakuna anayedai chenji.

Amejibu kwamba hiyo ni gharama kubwa kwa kuuliza swali. Ni kweli. Nimemwambia atenge hela za siku mbili, maana huenda ya kwanza tukaambiwa hapana.