Je, Kuhesabu Hatari ni Kukosa Imani?

Wapendwa, msimu wa mvua unapokaribia husikika kati yetu neno hili: "Mungu akipanga, nani atazuia?" Anayeuliza upepo utaezua nyumba ya nani huonekana mtu wa imani haba.

Lakini tusome Kumbukumbu la Torati 22:8. Anayejenga nyumba mpya aliagizwa kuweka ukuta mdogo kandokando ya dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. (Kule watu walikaa na hata kulala juu ya dari, si kama mabati yetu haya.) Hakuna aliyekuwa ameanguka bado. Mwenye nyumba alitakiwa kuliona anguko kabla halijatokea, tena anguko la mtu mwingine, labda la mgeni tu.

Ndugu zetu waliotoka Goma wanaufahamu Nyiragongo. Ulilipuka mwaka 1977, na tena tarehe 17 Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Watu walirudi wakajenga juu ya mawe meusi yale yale. Je, walikuwa wajinga? Mimi siwezi kusema hivyo. Mlima waliujua. Walijua pia vita vya vijijini, na njaa ya mtu aliye mbali na soko. Walipima hatari zote hizo pamoja, wakachagua ile iliyoweza kukawia. Vivyo hivyo Bududa, kwenye miteremko ya Elgon: baada ya maporomoko ya tarehe 1 Machi 2010 serikali ilihamishia baadhi ya watu Kiryandongo, na wengine wao wakarudi mlimani kwenye kahawa yao na makaburi ya wazee wao. Oktoba 2018 udongo ukaporomoka tena. Ni rahisi kuwaita wakaidi ukiwa huna shamba kule.

Basi anayepima mlima, asipime barabara ya kukimbilia wala chakula cha huko waendako, kazi yake haijaisha.

Na lawama haiwezi kuwa sawa kwa wote. Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma kilipungukiwa fedha baada ya msaada wa Benki ya Dunia kukoma mwaka 2020. Hata intaneti ya kupokea vipimo ilikatika kwa miezi. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima ukalipuka, watu wapatao 32 wakafa. Mama aliyekuwa amelala na watoto wake usiku ule hakuwa na chombo cha kupimia. Wenye uwezo wa kulipia chombo walikuwapo. Ukuta wa dari hudaiwa kwa mwenye nyumba, si kwa mgeni.

Hapa Nakivale hatuna volkano. Isingiro tuna ukame, upepo mkali na mvua ya mawe, na redio za Mbarara hutangaza utabiri wa msimu. Agabo alipotabiri njaa (Matendo 11:28), wanafunzi wa Antiokia hawakubishana kama ni imani au ni hofu. Walichanga, kila mtu kadiri ya alichokuwa nacho, wakapeleka Uyahudi.

Mvua za Septemba hazijaanza. Katika kijiji chenu, ni mjane gani analala chini ya turubai lililochanika, na ni nani kati yenu ana kamba na miti ya ziada?