Mteja mgeni naye ana haki

Ndugu Waislamu, anayetoka Pangani kuja Kariakoo kununua bidhaa huiona tofauti mara moja. Kwao muuza duka humsalimia, humuuliza hali ya watoto, na akipungukiwa shilingi mia mbili huambiwa alete kesho. Kariakoo akiuliza bei mara mbili bila kununua hununiwa. Akirudisha kitambaa kilichotoboka, huoneshwa kibao ukutani: "Mali ikishauzwa hairudishwi."

Wapo wasemao watu wa miji midogo wana imani zaidi. Sikubaliani nao. Muuza duka wa Pangani anajua kwamba akimdhulumu mtu asubuhi, adhuhuri watasimama safu moja msikitini. Anaona haya, na haya ni jambo jema. Lakini mpelekee mgeni asiye na jamaa pale, uone kama bei haitapanda! Tofauti ni kwamba Kariakoo karibu kila mteja ni mgeni.

Abu Hurayra (RA) amesimulia, katika Sahih Muslim, kwamba Mtume (SAW) alipita penye lundo la chakula, akatia mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka juu, watu wauone. Watu, si majirani zake tu.

Na kile kibao? Mafakihi wamempa mnunuzi khiyari ya kurudisha kitu chenye kasoro aliyoficha muuzaji, na rangi ya ukutani haiifuti. Wenye maduka waliokitundika pembeni ya picha ya Al-Kaaba waanze kwa kukishusha.