Kudura na Spini ya Elektroni

Katika minada ya korosho na ufuta ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kabla ya mauzo kuhamia kwenye mfumo wa kielektroniki, wanunuzi walitumbukiza barua za bei sandukuni, na sanduku likafunguliwa mbele ya wakulima. Mkulima aliyesubiri hakuijua bei, lakini bei ilikwisha kuandikwa. Wengi huielewa kudura, yaani majaaliwa ya Mungu, kwa namna hiyo hiyo, na swali ni kama maumbile nayo yako hivyo.

Mfano wa kulipima swali hilo ni spini, sifa ya elektroni ambayo, ikipimwa kwenye mhimili wowote, hutoa jibu moja kati ya mawili, juu au chini. Amplitudo ni namba, chanya, hasi au changamano, ambayo kipeo cha pili cha ukubwa wake ndicho uwezekano wa jibu. Elektroni iliyoandaliwa ikiwa juu kwenye mhimili wa x ina amplitudo ya 1/√2 kwa kila jibu la mhimili wa z, yaani uwezekano wa nusu kwa nusu. Ikiwa z haikupimwa, kisha x ikapimwa tena, amplitudo za njia mbili hujumlishwa: kwa juu, ½ + ½ = 1; kwa chini, ½ − ½ = 0. Lau jibu la z lingekuwamo tayari kama barua sandukuni, ungejumlishwa uwezekano, robo na robo, na chini ingepatikana nusu ya mara zote, wala haipatikani.

Hata hivyo, mwanafizikia David Bohm alionyesha mwaka 1952 kwamba matokeo yaweza kuwa yameamuliwa kabla, na mwanafizikia mwenzake John Bell akathibitisha mwaka 1964 kwamba gharama yake ni kukubali vitu vilivyo mbali viathiriane papo hapo. Tena Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alikwisha kufundisha kwamba pamba haiungui kwa ulazima uliomo ndani ya moto, bali kwa matakwa ya Mungu. Kwa mafundisho hayo, kudura haikuwa kamwe maandishi yaliyofichwa ndani ya kitu. Kwa hiyo anayeithibitisha kudura kwa spini, na anayeikana kwa spini hiyo hiyo, wote wawili wanaidai fizikia kisichokuwa chake.